Sifa za Mizani ya Roboti

Malenga wamesifu majahazi, farasi na nyusi za wapenzi wao. Mizani ya ukaguzi, inayolazwa sakafuni na kukanyagwa na kila apitaye, haijapata hata ubeti mmoja. Basi niiazime sauti yangu mbovu.

Katika mashindano ya roboti ya FIRST ya wanafunzi wa sekondari, yaliyoanza mwaka 1992 mjini Manchester, New Hampshire, roboti haichezi mechi ya kufuzu mpaka ipite ukaguzi. Tangu 2025 uzito wake usizidi ratili 115, yaani kilo 52 na ushee, bila betri wala bampa. Kabla ya hapo, tangu 2019, zilikuwa 125. Kuna waliolalamika. Mimi nawashukuru waliopunguza, maana walimwongezea mpenzi wangu kazi.

Mizani haina mjomba. Timu yenye wafadhili mpaka kwenye kola za fulana, na timu iliyochomelea roboti yake uani kwa mwalimu, zote huinama kuisoma. Nayo haigombi wala haihubiri; hutoa tarakimu, ikanyamaza. Kwenye kompyuta roboti ilikuwa na ratili 112, kwa sababu kompyuta haikuambiwa habari za nyaya, skrubu, grisi na stika za mdhamini.

Hapo ndipo elimu inapoanza. Vijana waliosinzia darasani kwenye hesabu za kutoa sasa hutoa kwa bidii. Keekee hulia, na bamba la aluminiamu hutobolewa mpaka lifanane na chujio la tui. Aliyebuni mkono wa kunyakulia anagundua kwamba rafiki zake wote wanaona mkono huo si wa lazima sana. Naye anaonyesha kwa kidole magurudumu yao. Ni mjadala wa bajeti mtupu, isipokuwa huu humalizika siku hiyohiyo.

Lakini uzuri haukosi maadui. Wapo wakaguzi, watu wa kujitolea tena wenye huruma ya hatari, wanaotaka mizani ya pili iwekwe mlangoni, wazi tangu jioni ya kuwasili, kila timu ijipimie bila kupanga foleni wala kuogopa kuandikwa. Wanataka orodha ya ukaguzi, ambayo kwa bahati mbaya hutolewa kwa umma mapema, isomwe nyumbani na kuwekwa alama na wanafunzi wenyewe, badala ya kufunguliwa mara ya kwanza mbele ya mkaguzi. Wanataka uzito wa rasimu upimwe kipande kwa kipande wakati roboti bado inajengwa. Wengine wamefikia hata kumtuma mkaguzi mzoefu kwenye banda la timu changa kabla haijaitwa, akafundishe! Mkaguzi anayefundisha atapata wapi muda wa kukunja uso?

Wakifanikiwa, roboti zitafika mezani zikiwa nyepesi, foleni itakwisha kabla ya chai, na keekee zitabaki masandukuni. Watoto watabaki na kazi moja tu ya kushindana. Kwa hiyo nawasihi waandaaji: mizani ibaki moja, mwisho kabisa wa foleni, ikiwezekana mahali sakafu ilipobonyea, ifunguliwe asubuhi ya mechi. Na betri yake isichajiwe.