Jinsi ya Kwenda Maulidi ya Lamu Ukarudi Mkavu

Kwenda Lamu wakati wa Maulidi na kurudi kwenu bila kuguswa na lolote ni kazi, ila haishindikani. Anza na tarehe. Waulize waliokwenda mwaka jana walikwenda lini, kisha ukate tiketi ya tarehe ileile. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko wa kalenda ya ukutani kwa siku kama 11, kwa hiyo utafika shughuli imekwisha, matari yametundikwa na vyumba vya wageni viko tele. Usimsikilize mwenyeji anayehesabu miezi kwa mifungo na kukwambia kilele ni Alhamisi ya mwisho ya Mfungo Sita. Huyo anataka ufike kwa wakati.

Ikiwa umefika kwa wakati, pole. Vaa kaptura yenye mifuko mingi uende Langoni, kwenye Msikiti wa Riyadha, ukaulizie jukwaa liko wapi. Hakuna. Ulizia basi viti vya mbele. Kuna mikeka, na wa mbele wameshakaa. Mtu atakutazama magoti, atakwenda ndani, atarudi na kikoi. Kikatae ukiweza, maana ukishakivaa unafanana na wenzako, na hapo ndipo mambo huanza kuharibika.

Usipite kabisa penye makaa. Hapo vijana huyageuzageuza matari juu ya moto ili ngozi ikaze, kwa kuwa hewa ya bahari huilegeza. Kijana hulipiga tari kwa ncha za vidole, huinamisha sikio, hulirudisha motoni, hulipiga tena. Mara ya kwanza sauti hutoka nzito, kama ya mtu aliyeamshwa. Baadaye hulia wazi, na mwenzake wa upande wa pili huinua kichwa bila kuambiwa. Ukisimama hapo kidogo tu utaanza kujua lipi limeiva na lipi bado. Mtalii hatakiwi kujua hayo.

Maulidi yakianza, toa simu. Rekodi kwa mkono ulionyooka juu ya kofia za watu, ili aliye nyuma yako aione Riyadha yote katika kioo cha inchi sita. Kinachosomwa ni Simtud-Durar, maulidi ya Habib Ali al-Habshi wa Seiyun, kule Hadhramaut. Kuna nathari, kuna mashairi, na kaswida huitikiwa na wote kwa matari na nai. Safu za vijana waliovaa kanzu huyumba pamoja, na bega la mmoja humwambia wa pili wakati wa kuinama. Wewe tafuta mwimbaji mkuu, umpige picha peke yake. Ukimkosa, usishangae: aliyekuwa akiitikia nyuma yako kwa sauti ya kukwaruza, yule muuza samaki, naye ni mwimbaji.

Kaswida ikiisha, piga makofi. Utakuwa peke yako, kwa hiyo utasikika vizuri.

Kisha kuna kisimamo. Msomaji akifika penye kuzaliwa Mtume, watu wote husimama. Baki umekaa, maana pembe ya picha ni nzuri zaidi kutoka chini. Tatizo ni kwamba chetezo cha udi hupitishwa hadi puani, na mwenye mrashi hana habari na aliyekuja kuomba dua wala aliyekuja kupiga picha. Anarasha tu. Simu nyingi za siku hizi hazidhuriwi na matone ya maji, jambo la kusikitisha.

Ukiona mambo yanakuzidi, silaha ya mwisho ni swali. Mgeukie mzee aliye karibu, katikati ya kaswida, umuulize kama ngoma msikitini zinafaa. Swali hilo ni zee Lamu. Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija akafanya makazi hapa, alipoingiza matari kwenye ibada zaidi ya miaka 100 iliyopita, wakubwa wa mji walinung'unika, na walinung'unika zaidi kuona anawasomesha watu ambao wao hawakuwahesabu. Ulitazamia ugomvi. Badala yake mzee atasema, "Swali zuri, mwanangu. Maulidi yakisha, tukae barazani." Na kweli atakaa, na atatuma kahawa, na atamwita mwenzake mwenye vitabu. Ukiwa na ndege ya asubuhi, mwambie mapema. (Mimi nisingemwambia. Mabaraza ya namna hiyo hayapatikani kwa tiketi.)

Siku ya ziara ya kaburi la Habib Swaleh hutoka zefe, watu na bendera na matari mpaka ufukweni. Panda ghorofani ukatazame kutoka juu. Ukikaa njiani, mkondo utakuchukua, na hakuna pa kuchepukia, kwa kuwa uchochoro wa kulia una punda na wa kushoto una watoto wanaokuja mbio kujiunga.

Limebaki sinia. Mtawekwa watu kadhaa kwa pilau moja, mabega yakigusana. Omba sahani yako, na kijiko. Vitaletwa, kwa heshima zote, na mpakuaji ataanza kukukatia nyama kutoka upande wa sinia ambao kila mtu alikuwa anauvizia.