Saundikadi Mbili, Sebule Moja

Mume wangu ana saundikadi ya Behringer, UMC22. Mdogo wake wa Koboko ana Scarlett 2i2 ya Focusrite, ile nyekundu ya toleo la tatu. Ubishi wao ulipokuwa wa kwenye simu niliuvumilia. Ulipohamia sebuleni kwangu hapa Oli, Arua, ndipo nilipojua nimeolewa na ukoo mzima.

Shemeji aliingia na mkoba wake Jumamosi asubuhi, hata maji ya kunywa hakuomba. Wakakata shauri Mama, yaani mama mkwe, aimbe doluka, ngoma ya kina mama wa Kinubi, na arekodiwe kwa kila mashine. Magodoro yangu yakasimamishwa ukutani kuua mwangwi. Friji ikazimwa kwa kuwa inanguruma, na samaki wangu wamo ndani. (Jioni ilibidi tuwakaange wote.)

Wakavaa hedifoni: mmmmm. Mvumo.

"Hiyo ndiyo mashine yako ya bei rahisi, kaka," akasema shemeji.

Wakachomeka Scarlett. Mmmmm ile ile. Wakahamia kwenye biti: UMC22 inarekodi kwa biti 16, Scarlett kwa 24; kwa hesabu za vitabuni ni desibeli 96 dhidi ya 144. Sebule iliyoezekwa bati, yenye jogoo wa jirani dirishani, itazionea wapi desibeli hizo? Nikachomoa chaja ya kompyuta, ambayo huchomekwa kwa adapta ya pini mbili isiyo na ethi. Kompyuta ikabaki kwenye betri, mvumo ukakatika. Hakuna aliyenishukuru.

Mama alipoanza kuimba, sauti yake ilimfikia masikioni kwa kuchelewa, maana ilizungukia kwanza kwenye kompyuta.

"Nani huyo ananiigiza?" akauliza.

Mashine zote mbili zina kitufe cha kumwezesha mwimbaji kujisikia moja kwa moja. Wanaume wawili, na hakuna aliyekibonyeza mpaka Mama alipokasirika.

Tofauti yenyewe niliiona kwenye matundu. UMC22 ina tundu moja tu la maiki. La pili ni la gitaa. Kwa hiyo sauti na ngoma zikagombania maiki moja, na wifi yangu mpigaji akasogezwa nyuma, akasogezwa tena, mpaka akawa anapiga akiwa jikoni. Scarlett inapokea maiki mbili, kila moja kwenye njia yake, na ngoma ikizidi unaipunguza baadaye bila kumgusa mwimbaji. Pesa ingekuwa yangu, ningelipia hilo kabla ya biti yoyote.

Kisha Mama akachangamka. Alikuwa ameanza kwa kunong'ona. Vigelegele vilipokuja, duara la taa kwenye Scarlett likawa jekundu, sauti ikapasuka. Shemeji akapeleka mkono kwenye kitufe cha kuzungusha. Mama akanyamaza katikati ya ubeti.

"Unanipunguza mimi?"

"Hapana, Mama. Napunguza mashine."

"Mashine haijaimba."

Wakarudia wakiwa wameshusha kipimo mapema. Mwishowe wakamvisha hedifoni, wakamchezea rekodi zote mbili bila kumwambia ipi ni ya nani. Akasikiliza hadi mwisho, amefumba macho.

"Zote ni mimi," akasema. "Lakini nani amekohoa?"

Ndugu wawili wakanyoosheana vidole.