Maalim Komba na Milango Saba

Hapo kale, watu wangali wakivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, wanyama wa bonde la Chumbi walikuwa na mazoea ambayo hayakumshangaza mtu: kila masika mto ulifurika ukafuta njia zao zote, na maji yalipojiondokea kila mmoja alijiendea mtoni kwa pua na masikio yake, akipotea kidogo, akiulizauliza, hata akafika. Hakuna aliyejua kwamba jambo hilo lilikuwa elimu, mpaka alipotokea Komba.

Komba huyu makao yake yalikuwa juu ya mnazi, na kila usiku alimtangulia mgema kibuyuni. Kwa hiyo macho yake, makubwa tangu kuzaliwa, yakawa mekundu pia, na wapitao chini wakanong'onezana kwamba macho kama yale hayawi bure, lazima yameona ya sirini. Naye hakuwakatalia. Akashusha sauti, akatangaza kwamba njia ya kweli hainusiki, kwamba kila kiumbe ana yake peke yake, isiyofanana na ya mwenziwe, na kwamba ufunguo anao yeye. Kwamba mwenyewe hakuwa na desturi ya kukanyaga ardhi, hilo halikuwa swali la adabu kumwuliza maalim.

Basi wakaja. Ngiri alileta korosho, Nungunungu alileta mihogo aliyoichimba chini ya madungu ya wakulima waliolala, na Paa akaleta majani mabichi ambayo maalim hakuyala lakini aliyapokea kwa ajili ya baraka. Komba alihesabu herufi za jina la mwanafunzi na za jina la mamaye, akatoa 12, akatoa 12 tena, na kilichobaki akakiita nyota. Akaitafakari nyota hiyo kitambo, akapumua pumzi yenye harufu ya tembo, akamnong'oneza mja njia yake, kisha akamwapisha asimwambie mke wala mwana, maana siri ikitoka kinywani njia hujifunga. Milango ilikuwa saba. Aliyefungua wa kwanza aliambiwa kwamba ule haukuwa mlango bali kizingiti. Aliyefika wa nne aliambiwa asahau aliyofundishwa katika mitatu. Na kila mlango ulikuwa na korosho zake. Walioishiwa waliambiwa, kwa upole mwingi, kwamba nyota zao bado hazijaiva.

Kobe peke yake hakwenda. Babu zake walikuwapo watu walipomiminika Ngarambe kwa Kinjikitile kutafuta dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, na alisema kwamba yule, pamoja na yote yaliyofuata, husimuliwa kuwa alizama bwawani yeye mwenyewe kabla hajamwita mtu, na Agosti 1905, Wajerumani walipomnyonga pale Mohoro, kitanzini pia alitangulia. "Huyu wetu," akauliza, "mbona hata umande haujamgusa nyayo?" Wanafunzi walimhurumia. Wakasema maskini, amejifungia ndani ya gamba lake.

Usiku mmoja wa mbalamwezi Paa, ambaye alikwisha kuhitimu mlango wa saba, aliifuata njia yake. Matete yalikuwa yamelala kulia na kushoto, udongo umekandika laini, hata mwiba haukuwapo, akashukuru. Mara mbele akamwona Ngiri. Nyuma akasikia miiba ya Nungunungu ikigongana. Kila mmoja alikuwa juu ya njia aliyoinunua peke yake, na njia zote zilikuwa ile ile moja, apitayo Kiboko kila usiku kwenda malishoni. Lakini kiapo ni kiapo. Ngiri aliinua uso akajifanya anasoma nyota, Nungunungu akajifanya kichaka, wakapishana bega kwa bega bila salamu, kila mmoja akimsikitikia mwenziwe kwa kupotea. Hapo ndipo Kiboko alipotokea, ameshiba, anarudi mtoni. Paa alimwona wa kwanza, na nafasi ya kupiga ukelele alikuwa nayo tele. Ila kupiga ukelele kungekuwa kukiri kwamba njiani kuna wengine.

Asubuhi alijikokota hadi ukingoni.

"Shikamoo, babu. Njia ile ulifundishwa na nani?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Njia ipi?"

"Ile yenye matete yaliyolala."

"Aa. Kule kuna nyasi," Kiboko akasema, akazama.

Paa alikaa na jibu hilo mchana kutwa. Lilikuwa fupi mno kuwa kweli, tena halikutozwa hata korosho moja. Jioni akarudi mnazini, akakuta wenzake wamemtangulia, mbavu zimefungwa majani. Komba alikuwa ameshuka tawi moja, kwa heshima ya maafa, naye akawafunulia kwamba kukanyagwa ni dalili ya walioteuliwa, na kwamba mlango wa nane, ambao hakuthubutu kuutaja mbele ya wasiovunjika, unafunguliwa usiku ule ule kwa korosho maradufu. Ngiri akainua mkono, akauliza kama mbavu mbili zingeweza kuhesabiwa kuwa malipo ya kutanguliza.