Mjomba Anajibu: Wiki ya Sahani Ngeni na Filamu za Kale

Wapwa zangu, barua za wiki hii zinanuka siki na bisi. Inaonekana kila nyumba imeingiwa na wazo lilelile: mchana tuonje chakula kigeni, jioni tutazame filamu, leo ya zamani, kesho mpya. Wazo si baya. Ubaya ni kwamba mmelitekeleza bila kumshirikisha Mjomba, aliyekula vingi na kutazama vingi bila kulipia hata kimoja. Haya, tufungue bahasha.

Mjomba, shikamoo. Mume wangu alirudi kazini akatangaza kwamba hii ni wiki ya vyakula vipya. Jumatatu akatupeleka kula sushi. Pembeni ya sahani palikuwa na kitu cha kijani, laini, kimefinyangwa vizuri. Akasema, "Hii parachichi," akachota kijiko kizima mbele ya watoto ili wajifunze kutoogopa. Mjomba, alishika pua, machozi yakamtoka, akawa anapiga meza kwa ngumi. Sasa watoto hawataki kuonja chochote. Hata maharage wanayanusa kwanza. Nifanyeje?
*Mama wa Wawili, Sinza*

Marahaba, mpwa wangu. Mpe pole baba watoto. Hiyo ni wasabi, na kipimo chake ni kichwa cha kiberiti, si kijiko. Ukali wa pilipili yetu huyeyuka kwenye mafuta na hung'ang'ania ulimi, ndiyo maana maji hayasaidii lakini maziwa husaidia. Wa wasabi ni mvuke: unapanda puani, unagonga utosi, kisha unaondoka upesi kana kwamba haukuwapo. Cha kumkera zaidi ni kwamba wasabi nyingi ya migahawani si wasabi. Mmea wenyewe hupenda vijito baridi vya milimani huko Japani, ni ghali, na ukishakunwa ladha yake hupotea kwa dakika chache. Badala yake wengi hupewa mzizi mweupe wa Ulaya, jamaa wa haradali, uliotiwa rangi ya kijani. Kwa hiyo mumeo amelizwa na bandia.

Watoto wasikutie hofu. Kukataa chakula kigeni ni jambo la umri, hasa kati ya miaka 2 na 6, na wataalamu wa lishe wanasema mtoto anaweza kuhitaji kuonja kitu mara 8 hadi 15 kabla hajakikubali. Kuonja, si kushindiliwa. Weka tonge dogo la kigeni kando ya wali na maharage wanayoyajua, wewe kula, nyamaza. Hotuba hazijawahi kushibisha mtoto. Na baba akae mbali na kijiko.

Salaam, Mjomba. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Binti yangu amerudi kutoka chuoni na tambi za Kichina, maziwa ya soya na jibini yenye ukungu. Nimemwambia humu ndani tunakula chakula cha mababu: ugali wa mahindi, nyama iliyoungwa kwa nyanya, pilipili kidogo, na asubuhi muhogo kwa chai. Ananicheka. Naomba umwonye gazetini.
*Mlinzi wa Mila, Dodoma*

Mzee mwenzangu, nilishika kalamu niandike onyo, nikaona nianze kukagua sahani yako. Mahindi asili yake ni Meksiko. Nyanya na pilipili, Amerika. Muhogo, Amerika ya Kusini. Vyote vilivuka bahari baada ya mwaka 1492, na Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498, walikuwa na mkono mkubwa katika kuvisambaza. Chai ni ya Wachina. Ukiwarudishia wageni mali yao, mezani kwako inabaki nyama na chumvi.

Mababu unaowasemea hapo Dodoma walikula uwele na mtama, nafaka za Afrika zinazostahimili ukame kuliko mahindi, wakateremshia kwa mlenda. Mahindi yalipoingia, sina shaka kuna mzee aliyeyapiga marufuku nyumbani kwake, na binti akamcheka. Hukumu yangu ni hii: Jumanne binti apike tambi zake, nawe ule vijiko vitatu bila kununa. Jumatano wewe, kwa mikono yako mwenyewe, usonge ugali wa uwele, naye ale na mlenda bila kupiga picha. Jibini yenye ukungu nitumieni mimi kwa uchunguzi zaidi.

Mjomba, hujambo? Jumamosi nilimpeleka mke wangu kwenye hoteli ya Waethiopia hapa Nairobi. Tulialikwa na mwenzangu wa kazini, Muethiopia, aliyekuja na dada yake. Sinia likaletwa, limetandikwa mkate mpana wenye vitundu. Kabla sijajipanga, yule dada akakata kipande, akaviringisha nyama ndani yake, akanitia mdomoni. Mke wangu akaacha kula. Nikameza, na yule dada akanitia tonge la pili. Tangu siku hiyo nalala sebuleni.
*Mlishwa, Nairobi*

Sijambo, mpwa wangu, ila wewe hujambo kwa jina tu. Ulichofanyiwa kinaitwa gursha. Kwa Waethiopia, kumtilia mtu tonge mdomoni kwa mkono wako ni heshima na upendo; anatiliwa mgeni, mkwe, mzee, mtoto. Tonge huwa kubwa makusudi, kulikataa ni kumvunjia mwenyeji heshima, na moja huonekana uchoyo, ndiyo sababu likaja la pili. Yule dada hana hatia. Mwenye hatia ni wewe, uliyetafuna matonge mawili na usimgeukie mkeo kumlisha hata moja.

Dawa iko kwenye sinia lilelile. Rudini mkiwa wawili tu. Mweleze mapema kwamba mkate huo ni injera, wa nafaka iitwayo teff, iliyo ndogo kuliko ulezi. Uji wake huachwa siku kadhaa uchachuke, kisha humiminwa juu ya kikaango kipana, na vile vitundu vya juu ndivyo vinavyofyonza mchuzi. Hakuna kijiko: injera ndiyo sahani na ndiyo kijiko, na mwisho wa mlo sahani nayo huliwa. Agiza doro wat, mchuzi mwekundu wa kuku wenye yai zima. Mkienda Jumatano au Ijumaa, siku ambazo Waorthodoksi wa huko hufunga nyama, maziwa na mayai, ulizeni sinia la saumu, lenye dengu na mboga za kila rangi. Nawa, kata kwa mkono wa kulia, mtilie yeye kwanza, kisha mtilie la pili. Ukifika la tatu utakuwa umesharudi chumbani.

Mjomba, shikamoo. Nimeposa. Baba mkwe mtarajiwa aliniita nyumbani kwake tutazame filamu moja "ya kijana kama wewe". Ikawa Sholay. Baada ya saa moja nikauliza kama inakaribia kuisha. Hakunijibu. Shujaa mmoja alipokufa, mzee alikuwa analia, na mimi, Mjomba, nilikuwa nakoroma. Posa imeanza kuyumba.
*Msinziaji, Tanga*

Marahaba. Umekoroma msibani, mpwa wangu. Sholay ya Ramesh Sippy, iliyotoka mwaka 1975, inapita saa tatu, na ilikusudiwa iwe hivyo. Filamu za Kihindi za enzi hizo ziliandaliwa zikiwa na mapumziko katikati: watu wanatoka, wananunua njugu, wanabishana, wanarudi. Mapigano, mapenzi, vichekesho na nyimbo vyote vinapakuliwa pamoja, na mtazamaji anatakiwa aje na njaa ya jioni nzima. Katika majumba ya sinema ya pwani, kuanzia Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, watu wasiojua neno la Kihindi walitoka wakiimba nyimbo zake, na tuni zake zikaingia mpaka kwenye taarabu. Kwa mkweo ile ni ujana wake, na wewe umeuforotea.

Rudi na bisi na njugu, omba irudiwe, na safari hii muweke mapumziko. Mkazie macho yule shujaa Jai anaporusha sarafu. Siri ya sarafu hiyo ndiyo iliyomliza mzee. Kisha muulize swali moja tu kuhusu jambazi wa filamu: "Baba, huyu Gabbar Singh ni nani?" Sijaona mzee aliyeiona Sholay akaulizwa hivyo asisimame kumwigiza.

Baadaye mwalike nawe kwa filamu yako. Nakushauri Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji. Ni mpya, ya mwaka 2021, lakini imetokana na riwaya ya Adam Shafi na inaonyesha Zanzibar ya miaka ya 1950, kwa hiyo kila mmoja wenu atapata chake. Tahadhari moja: ni kisa cha Yasmin, msichana anayekimbia ndoa aliyochaguliwa. Itazameni mahari ikishapokelewa.

Mjomba, shikamoo. Mume wangu hawezi kutazama filamu kimya. "Muone, muone! Anaingia, hajui jamaa yuko nyuma ya mlango!" Kiingereza chenyewe hakijui, anajitungia. Majirani wameanza kuja kumsikiliza yeye. Nimechoka.
*Asiyesikia Kitu, Arusha*

Marahaba, mwanangu. Mumeo hana ugonjwa, ana kipaji kilichokosa kibanda. Japani, enzi za filamu zisizo na sauti, walikuwapo benshi, watu walioajiriwa kusimama kando ya pazia na kusimulia. Kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao. Kwetu msimulizi wa filamu Lufufu aliwasemea waigizaji wa Kichina na wa Kimarekani Kiswahili ambacho hawakuwahi kukisema, Kenya ina DJ Afro, Uganda ina VJ Jingo. Majirani wako wanajua wanachokifuata.

Mpe uwanja wake. Jioni moja muwekee The Gold Rush ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1925, isiyo na mazungumzo. Chaplin mwenyewe aliitoa tena mwaka 1942 akisimulia kwa sauti yake, kwa hiyo mumeo hatakuwa anavunja sheria. Mtafurahi hasa pale njaa inapowabana porini, Chaplin akapika kiatu: anakikata kwa adabu, anazungusha kamba zake kwenye uma mithili ya tambi, anafyonza misumari mmoja mmoja. Kiatu hicho kilitengenezwa kwa peremende nyeusi, lakini uso wake hautakuruhusu uamini. Jioni ya filamu mpya, yenye maneno yake, mpe mumeo muwa. Hakuna aliyewahi kusimulia huku anatafuna muwa.

Majibu mafupi

*Aliyetumiwa senene na wakwe wa Bukoba:* Ng'oa mabawa na miguu, kaanga wakauke, tia chumvi, acha kuwatazama machoni. Ila usimwandalie Mganda wa ukoo wa Nsenene; kwake ni mwiko.

*Anayetazama filamu kwenye simu huku anapika:* Endelea, lakini shujaa ataokolewa hata usipotazama. Maharage yana wewe tu.

*Aliyeomba ratiba ya wiki nzima:* Jihadharini na kosa moja, kurundika mageni kwa mkupuo. Kila jioni chukueni geni moja tu. Chakula kikiwa kigeni, filamu iwe ile mnayoijua mpaka vichekesho vyake. Filamu ikiwa ngeni, pikeni pilau. Siku ya pilau mnijulishe mapema. Ya sushi nitakuwa safarini.