Pikipiki Haina Maoni

Padre mgeni Ulaya hana likizo, wala hana kauli. Akishusha begi tu, ameshapangiwa: misa ya asubuhi, wagonjwa wa kutembelea, keki tatu za kuonja kwa nyumba tatu zisizopatana. Ndivyo ilivyokuwa nilipokwenda kwa rafiki yangu, paroko wa kijiji huko Oberschwaben, kusini mwa Ujerumani. Tulijuana Peramiho alikokuja kujitolea ujanani, na mpaka leo Kiswahili chake kina lafudhi ya Kingoni zaidi kuliko changu.

Kwanza akanipeleka Bodensee, ziwa linalogawanywa na Ujerumani, Austria na Uswisi. Ng'ambo, milima ya Alpi ilikuwa bado na theluji, na huo ni mwezi wa Mei. Nikiri, ni pazuri mno.

“Umeona ziwa, Padre?” akaniuliza.

Kumuuliza hivyo mtu aliyekulia Mbamba Bay kunahitaji moyo. Ziwa Nyasa nalo lina nchi tatu, na lingelimeza lile zaidi ya mara hamsini. Lakini kahawa alikuwa amelipa yeye, kwa hiyo nikasema ziwa ni kubwa sana.

Alhamisi ya Kupaa Bwana kule ni sikukuu ya taifa zima, na pia ni siku ya akina baba. Tulipotoka kanisani tukawakuta wanaume wazima wakivuta mikokoteni ya bia kwenye njia za mashambani.

“Wanakwenda msituni,” akanieleza.

“Kusali?”

“Wengine hufikia huko, ikishafika jioni.”

Ila mimi nilikuwa nimefuata Ijumaa yake. Huko Weingarten kuna masalia ya Damu Takatifu, ambayo Judith wa Flanders aliikabidhi abasia ya mji huo mwaka 1094. Kila mwaka, kesho yake baada ya Kupaa Bwana, padre huyabeba akiwa juu ya farasi, akabariki nyumba na mashamba, huku akisindikizwa na wapandafarasi zaidi ya 2,000 waliovaa makoti meusi na kofia ndefu za enzi za mababu. Farasi wenyewe husukwa na kupambwa maua. Rafiki yangu, aliyekuwa amenililia wiki nzima kwamba makanisa ni matupu, siku hiyo hakupata hata pa kuegesha gari. Tangu hapo najiuliza: je, tukiruhusu bodaboda katika maandamano ya Ekaristi kwetu, vijana tutawaweka wapi?

Naye, bila kuniuliza, alikuwa ameshaniombea farasi.

“Wewe unapanda pikipiki Mbinga wakati wa masika,” alisema. “Farasi atakushinda nini?”

Tofauti niliijua mapema wiki ileile, uani kwa mkulima mmoja: pikipiki haina maoni. Nililetewa jike mpole, mpana kama meza ya kikao cha dekania, kila mguu wangu ukaelekea upande wake. Nikavuta hatamu kulia. Akaenda kushoto, bila haraka, mpaka kwenye dirisha la jikoni, akaingiza kichwa. Bibi wa nyumba hakushtuka. Alimpa yeye karoti, akanipa mimi kahawa na kipande cha keki, nikala hukohuko juu, kwa kuwa somo la kushuka lilikuwa halijafikiwa. Mkulima akatutazama wote wawili, akatoa hukumu: farasi anafaa, padre abaki chini.

Basi Ijumaa asubuhi nikasimama kando ya barabara na kanzu yangu nyeupe ya kutoka nyumbani. Mapadre wa kule, wakivaa kanzu, nyingi ni nyeusi. Mtoto mmoja aliyebebwa mabegani na baba yake akanisonta kidole, akatangaza kwa sauti kuu kwamba Baba Mtakatifu amefika. Watu wakaangua kicheko. Nikapunga mkono, maana ungefanyaje? Hapo ndipo kazi ilipoanza. Akaja bibi na rozari nimbarikie. Nyuma yake mwingine na picha ya mjukuu. Ikawa foleni. Matarumbeta yanalia, kwato zinagonga lami, bendera za parokia zinapita, na mimi niliyevuka bahari kuyaona yote hayo nimeyapa mgongo, nabariki funguo za gari.

Ghafla watu wakanyamaza. Masalia yanapita! Nikageuka, nikapiga magoti palepale nilipokuwa, kwa ibada na kwa kishindo. Bahati mbaya vikundi kadhaa vya farasi vilikuwa vimetangulia, na farasi hachagui mahali. Nilihisi uvuguvugu magotini.

Nilipoinuka, yule bibi wa rozari alikagua kanzu, akatikisa kichwa, akachomoa mfuko wa plastiki mkobani. Nikashukuru Mungu, msaada umefika. Bibi akainama, akazoa ile iliyobaki barabarani, akafunga mfuko vizuri, akaninyoshea. Ilikuwa ya mawaridi yake, akaniambia, na alitaka nayo ibarikiwe.

Nikaibariki.