Ndonya ya Bibi

Hewa ya pwani yetu, tangu Mikindani hata Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, ina ukarimu usiobagua: huulea mnazi, huulea mkoko, na kwa moyo uo huo huulea ukungu juu ya kila picha iliyotundikwa ukutani. Picha za zamani zilifanywa kwa chembe za fedha zilizoshikwa na utando wa jelatini, na jelatini asili yake ni ngozi na mifupa ya wanyama. Kwa hiyo taswira ya mzee wa ukoo, iliyo tunu kwetu, kwa mende ni riziki, naye huila bila ya kuuliza nasaba.

Picha pekee ya bibi yangu mzaa mama ilipigwa zama za ule mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951. Bibi amekaa juu ya kiti cha kuazima, miguu mitupu, ndonya imetulia katika mdomo wa juu kwa heshima zake zote, na mashavuni zimejipanga chale za Kimakonde. Nyuma yake amesimama mtu aliyeliwa na mende kuanzia mabegani kwenda juu, ambaye kila tawi la ukoo humdai kuwa ni babu yao.

Mpwa wangu, kijana wa adabu nyingi na subira haba, aliinakili picha ile kwa simu, akaitia katika programu ya akili bandia, na chai haijapoa akanijia mbio: "Shikamoo mjomba, bibi amepona!"

Kwa hakika alikuwa amepona kupita kiasi. Programu za namna hii hufunzwa kwa nyuso nyingi zilizokusanywa huku na huku duniani, na palipoharibika hukisia kile ambacho aghalabu huonekana mahali pale. Na maadamu wavaa ndonya, nadhani, hawakualikwa kwa wingi katika mafunzo hayo, ndonya ya bibi ilihesabiwa kuwa ni doa, chale zikahesabiwa kuwa ni mipasuko ya karatasi, vyote vikafutwa kwa huruma. Nikaukumbuka mpango wa karanga wenyewe, uliokuja na matrekta na makadirio yaliyofanywa mbali, ukastaajabu kukuta kwamba ardhi haikuyasoma. Fauka ya hayo, mtu wa nyuma alikuwa amepewa kichwa kipya, chenye tabasamu la mgombea ubunge.

Tukampelekea mama mkubwa, binti wa bibi. Akaitazama simu, akajitanda kanga sawasawa, akasema, "Karibu, mwanangu. Wewe binti wa nani?" Alipoelezwa kwamba huyo ndiye mama yake mzazi, alinyamaza kitambo, kisha akahukumu: "Mama yangu alikuwa mtu mzima. Huyu hata hajachumbiwa."

Ikabidi picha ipelekwe kwa fundi mmoja mjini afanyaye kazi kwa macho na mkono. Programu aitumiayo, Photoshop, tangu mwaka 2002 ina brashi ya kuponya, ichotayo ngozi safi ya jirani na kuifunika penye ila, lakini huponya pale tu inapoelekezwa; ndipo likazuka swali lililohitaji baraza la wazee: ipi ni chale na upi ni mpasuko? Mama mkubwa alihesabu mistari kwa kidole juu ya kioo cha simu, na kila alipogusa picha ikavimba au ikakimbia, ghadhabu zikampanda. Mjomba mkubwa alishikilia kwamba ule mstari mrefu ulitokana na kukunjwa kwa picha; mama mkubwa akala yamini kuwa ni chale, na kwamba yeye aliulalia shavu tangu utotoni. Rai yangu ni kwamba ulikuwa mkunjo, maana ulitoka shavuni, ukavuka sikio, ukashuka ukaishia katika mguu wa kiti. Lakini barazani pale sikuwa na umri wa kuyasema hayo.

Mstari ukasazwa. Mtu wa nyuma naye akaachwa bila ya kichwa, ili haki ya tawi lolote isipotee. Fundi akadai ziada, akisema kuliacha doa kwa kukusudia ni kazi kubwa kuliko kulifuta, na mama mkubwa akalipa bila ya kunung'unika. Kisha akamwita kando, akamwuliza kwa sauti ya chini kama haiwezekani kumvika bibi viatu, maana picha itatundikwa ukumbini, na wakwe huingia.