Soketi Moja ya Goweko

Umeme wetu hapa Goweko ni wa sola: paneli, betri na inveta yenye soketi moja. Soketi hiyo ilikuwa na wenyewe. Mke wangu huchaji simu, kwa kuwa msimu wa asali ukifika wanunuzi wa Tabora mjini hupiga saa yoyote. Baba yangu, karani mstaafu wa reli, huchaji redio. Kijana wetu akarudi likizo na kompyuta kuukuu, betri imekufa, akataka soketi usiku na mchana.

"Unatafuta nini humo, mjukuu wangu?"

"Namba tasa za Mersenne, babu."

Mersenne alikuwa mtawa wa Ufaransa, na orodha yake aliitoa mwaka 1644. Unachukua 2, unaipa kipeo, kisha unatoa 1. Kipeo cha 7 kinatoa 127, nayo ni tasa. Kipeo cha 11 kinatoa 2,047, ambayo ni 23 mara 89, kwa hiyo si tasa. Programu ya kijana ilikuwa ikipima kipeo kimoja baada ya kingine kuanzia 40,000, ikielekea 44,497. Namba ya kipeo hicho ina tarakimu 13,395, na mwaka 1979 ilipatikana kwa kompyuta kubwa ya Cray. Alitaka kuifikia mwenyewe, na mimi niliona ni haki yake.

Tukanunua ekstensheni, kila mtu akapata tundu lake. Amani ikadumu mpaka mawingu ya Novemba. Usiku mmoja inveta ikalia weee, ikanyamaza, nyumba nzima giza. Asubuhi mnunuzi alikuta simu imezimika, akachukua asali ya jirani. Mama mtu alifoka mpaka kuku wakahama uani. Na ile programu haikuwa imeandika chochote kwenye faili: kazi yote ya siku zile ilipotea.

Kijana hakula. Jioni babu yake akawasha chemli, akavuta daftari. "Hebu nionyeshe inavyopima."

Kanuni ni ya Lucas na Lehmer. Unaanza na 4. Unaizidisha kwa yenyewe, unatoa 2, unagawa kwa namba unayoipima, unashika baki, unarudia. Mzee akaipima 127 kwa kalamu: 4, 14, 67, 42, 111, sifuri. Ikitua kwenye sifuri katika hatua iliyopangwa, namba ni tasa. Mke wangu, hasira bado usoni, akasogea kuangalia.

Kesho yake kijana akaandika programu upya, ihifadhi baki kila baada ya hatua kadhaa. Siku hizi inveta ikilia, anazima kompyuta, jua likitoka anaendelea alipoishia. Kipeo cha 44,497 kilimjibu sifuri asubuhi moja, babu yake akiwa shahidi.

Tangu Oktoba 2024, namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana ina tarakimu 41,024,320. Iligunduliwa na Luke Durant wa Marekani, kwa programu ya watu wanaotoa kompyuta zao kwa hiari tangu 1996. Mwanao akiomba soketi kwa kazi ya namna hiyo, mpe, ila muulize kwanza programu yake inahifadhi wapi.